Kaeni kimya kwanza: niliyowaambia walimu na wafanyakazi wa kambi ya muziki, Tukuyu

Wengi mliokosa kuja mmeniomba maneno niliyoongea siku ya kuwaandaa walimu na wafanyakazi wa kambi ya muziki ya vijana hapa Tukuyu. Haya, nimeyaandika kama nilivyoongea, nimetoa tu pale nilipojirudia na pale mvua ilipopiga bati mpaka tukabaki tunaangaliana.

Mugonile wapendwa. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Wazee wangu shikamooni, na nyie vijana wa spika na nyaya pale nyuma naona mnaniangalia kama nimekuja kuwapunguzia sauti, ni kweli, nimekuja kuwapunguzia, ila tutafika huko.

Nimepewa nusu saa nieleze kwa nini kamati ilisema tuchukue mfano wa kambi za muziki za Waquaker wakati humu ndani sioni hata Mquaker mmoja, naona Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste, na yule ndugu wa tarumbeta aliyeniambia asubuhi yeye ni Muislamu ila kaipenda kambi, karibu sana. Wengine jina la Quaker mnalijua kutoka kwenye boksi la uji wa shayiri pale supamaketi, lile lenye picha ya babu na kofia, sasa ile kampuni ilichukua jina tu kwa sababu Waquaker walikuwa na sifa ya kuwa waaminifu, wenyewe hawahusiki na uji wowote.

Hawa watu walianza Uingereza katikati ya miaka ya 1600. Anayetajwa sana ni George Fox, kijana aliyekuwa amepelekwa kujifunza kushona viatu, akazunguka kwa wachungaji akiuliza maswali yake mpaka akachoka, mwisho akasema hakuna haja ya mtu wa katikati, kila mtu ana kitu cha Mungu ndani yake, kwa hiyo tukae tusikilize. Wanajiita Marafiki. Ibada yao ya asili ni kukaa kimya tu, hata saa nzima, hakuna padri, hakuna kwaya, hakuna matangazo, mwenye kuguswa anasimama anasema neno lake anakaa, awe mwanaume awe mwanamke, na hilo la mwanamke kuongea kanisani wamelifanya toka karne ya 17 huko wakati wengine tunalijadili mpaka leo. Majirani zetu Kenya wanao wengi mno, wamisionari wa Kimarekani walifika Kaimosi mwaka 1902 na leo hakuna nchi duniani yenye Waquaker wengi kama Kenya, ila wale wa Kenya wana wachungaji, wanaimba, wana kwaya zao na ngoma. Kwa hiyo nikisema ukimya hapa naongelea wale wa Uingereza na baadhi ya wale wa Marekani, msije mkaenda Kaimosi mkategemea kukuta watu wamenyamaza.

Sasa kituko chenyewe ni hiki, hawa watu walikuwa wanaukataa muziki. Na sio kuukataa kidogo kidogo. Kulikuwa na mwalimu wa muziki London anaitwa Solomon Eccles, mtu wa ukoo wa wanamuziki, anaishi vizuri kwa kufundisha, akawa Mquaker kwenye miaka ya 1660 hivi akaona hii kazi yangu ni ubatili mtupu. Akauza vyombo vyake vyote. Halafu dhamiri ikamsuta upya, akajisemea mbona nimemuuzia mwenzangu dhambi yangu, akamfuata mnunuzi akavinunua tena, akavibeba mpaka Tower Hill akawasha moto. Watu wakaja mbio kumzuia maana vyombo vizuri kabisa, yeye akaona wanamchelewesha akavikanyaga kwa miguu mpaka vikavunjika vipande vipande. Habari hii aliiandika mwenyewe mwaka 1667. Naona mpiga kinanda wetu kashika kinanda chake kwa mikono miwili, tulia kaka, mimi sina kiberiti.

Ila kabla hamjacheka sana sikilizeni hoja yao, maana mi nikiisoma hua inanikera kwa sababu naona inanihusu. Kwanza walisema muziki wa zama zile ulikuwa wa ikulu na vilabuni, wa kujionyesha, nani ana sauti kubwa nani kavaa vizuri. Pili walisema ukiwapanga watu wote waimbe maneno ya Daudi, kwamba nimelia usiku kucha kitanda changu kimelowa machozi, wakati wewe usiku ulilala fofofo, basi unamdanganya Mungu mbele ya kusanyiko. Hebu tuwe wakweli, ni kwaya ngapi hapa Mbeya zinaimba tumevunjika mioyo huku zimeshona sare mpya na zinapunga mkono kwenye kamera? Hoja ya kwanza na yenyewe iko pale pale, tena siku hizi ina maikrofoni.

Waliendelea hivyo karibu miaka mia mbili. Nyumba ya Mquaker mkali ungekuta vitabu, ungekuta saa ya ukutani, piano hukuti. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 ndo wakaanza kulegeza, vijana wao wakauliza mbona kitu cha Mungu kipo ndani ya kila mtu halafu hakipo kwenye violin, na wazee wakakosa jibu. Karne iliyofuata wakawepo Waquaker wanaoimba hadharani, Bayard Rustin yule aliyeandaa maandamano makubwa ya Washington Agosti 1963 alikuwa Mquaker na alikuwa muimbaji mwenye sauti nzuri ya tena, Joan Baez naye wazazi wake waliingia Uquaker yeye akiwa mtoto. Na kule Marekani kuna kambi yao inaitwa Friends Music Camp, ilianza mwaka 1980, miaka mingi ilikuwa inafanyikia shule ya Olney, Barnesville, jimbo la Ohio, baadaye ikahamia Chuo cha Earlham pale Richmond, Indiana. Ni vijana wa miaka 10 mpaka 18, wanakuja likizo yao ya kiangazi, wanasoma chombo mmoja mmoja na mwalimu, wanapiga kwenye vikundi, wanaimba, na humo humo kwenye ratiba kuna muda wa kukaa kimya wote pamoja. Huko wanakuja na kaptula, sisi Juni hii ya Tukuyu wanakuja na makoti mawili na soksi za mama.

Kilichonifanya niipende habari hii ni kwamba wale watu waliurudia muziki ila ule ukimya hawakuutupa. Sisi kwetu historia ni nyingine kabisa. Wamoravian walipofika hapa Rungwe mwaka 1891 walikuja na nyimbo mkononi, na matarumbeta yamekuwa kitu cha kawaida kanisani na kwenye misiba, mtoto wa huku anasikia sauti nne kabla hajajua kusoma. Hakuna wa kutufundisha kuimba. Mnyakyusa umfundishe kuimba kweli? Kinachotushinda ni kusikiliza, na ndo maana naombeni kwa kambi hii sisi watu wazima, wote, mwalimu wa violin, matroni, mpishi, mlinzi, dereva, tuwe wa kwanza kusikiliza ndipo tufungue mdomo. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Tuanze na mazoezi. Kila kipindi kianze na dakika mbili za kukaa kimya, sio maombi, maombi mtafanya asubuhi na jioni kila mtu kwa imani yake, hii ni kukaa tu na kusikiliza. Siku ya kwanza watacheka. Siku ya pili atacheka mmoja. Siku ya tatu utashangaa mtoto anakwambia ticha ile bati inatoa sauti ileile ya so yetu. Na faida yake sio ya kiroho tu jamani, ni ya kazi kabisa. Kwaya zetu zikiimba bila kinanda zinashuka, mnaanza vizuri kwenye do yenu, ubeti wa nne mko nusu toni chini, mpiga kinanda akiingia inakuwa kama ugomvi, na kila mtu anamuangalia yeye wakati yeye ndo pekee yuko sahihi. Sababu kubwa ni kwamba kila mtu anaimba ili asikike, sauti ya kwanza inashindana na sauti ya nne, hakuna anayemsikia wa pembeni yake. Jaribuni kuwapanga wamechanganyika, soprano kati ya besi na tena, muimbe nusu ya sauti mliyozoea. Watalalamika siku mbili halafu hawatataka kurudi kwenye mistari.

Na mwalimu naye anyamaze. Hili walimu wangu litawauma. Mtoto akikosea noti, mkono wako na mdomo wako vinakimbilia pale pale, hapana, simama, rudia. Ngoja. Mwache amalize msitari. Mara nyingi alishajua kakosea kabla yako na akirudi mwenyewe atapita sawa, na hapo kajifunza, ukimkatisha kajifunza kukuogopa tu. Kuna walimu wa kwaya humu ndani, sitawataja, mna fimbo ya kuongozea ambayo kazi yake ya pili watoto wote wanaijua. Hiyo fimbo kambini iongoze muziki tu. Tumeelewana.

Halafu kuna hii dharau ya solfa. Nimewasikia jana wakati wa chai, mmoja anasema huyu anasoma staff, zile noti za mistari mitano, yule anasoma do re mi tu, kama vile wa do re mi ni wa kindagateni. Solfa tuliyonayo ilianzishwa na mwanamke Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, mchungaji John Curwen akaichukua kwenye miaka ya 1840 akaieneza mpaka ikafika huku kwetu, na nia ilikuwa hiyohiyo, maskini asiye na piano aweze kusoma muziki. Wimbo wetu wa taifa mnaosimama kuuimba kila asubuhi, tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, mtu wa kwaya ya wanafunzi, na aliandika kwa solfa. Mwalimu wa shule na kwaya yake ya watoto, leo mataifa yanasimama. Kwa hiyo wafundisheni staff, ndiyo, wakienda chuo cha sanaa Bagamoyo pale TaSUBa au chuo kikuu cha Makumira wataihitaji, ila mtoto aliyekuja na solfa yake kutoka Isongole mpokeeni kwa heshima, mwambieni ulichonacho kinatosha kuanzia.

Na hivyo hivyo kwa mambo ya nyumbani. Kuna mzee wa kutoka upande wa Kyela tumemuomba aje wiki ya pili afundishe mganda. Mnaujua mganda, vijana wamepanga mistari, wamenyoosha suruali, wanapuliza vibuyu vyenye utando wa buibui vinanguruma. Babu zetu wa kuzunguka lile Ziwa Nyasa waliiona bendi ya kijeshi ya wakoloni, hawana shaba, hawana fedha ya tarumbeta, wakalima vibuyu wakatengeneza bendi yao na wakaweka na vyeo vyao vya uongo vya kanali na meja. Mi naona ile ni akili ya juu sana ya muziki na haikusubiri msaada. Sasa ombi langu, siku mzee akiwepo walimu wa magita msikae nje mnachezea simu, ingieni mpulize kibuyu na watoto mchekwe, mtoto akimuona ticha wake hajui kitu na anajifunza bila aibu atakuja kukuuliza asichokijua.

Hapa ndo nataka kuongea na wale ambao mlifikiri hotuba hii haiwahusu. Mama zangu wa jikoni, mlinzi, matroni, patroni, dereva. Waquaker toka mwanzo walikataa vyeo, walikuwa hawavui kofia mbele ya mabwana wakubwa na walifungwa kwa ajili hiyo, na mpaka leo kwenye shule na kambi zao nyingi mtoto anamuita mwalimu jina lake la kwanza tu. Kamati iliniuliza tufanye hivyo? Nikasema hapana, hilo libaki Ohio. Mtoto wa miaka kumi na mbili amuite mpishi wetu kwa jina lake kavu kavu, mama yake akisikia kwenye simu atapanda kosta atamfuata siku hiyo hiyo, na atakuwa na haki. Ila tukichukua lile wazo bila lile tendo lenyewe, mtoto atoe shikamoo kwa mlinzi kama anavyoitoa kwa mwalimu wa violin aliyetoka Dar, na hiyo haiwezekani kama sisi wenyewe tunampita mlinzi getini kama tunapita nguzo. Watoto hawafanyi tunachosema. Wanaangalia nani anamsalimia nani, nani anasimama nani akiingia, nani anakula meza ipi. Kwa hiyo meza ya walimu imeondolewa, mmeshaiona haipo, wote tunakula mchanganyiko na watoto, na kuosha vyombo ni zamu na majina ya walimu yamo, yameshabandikwa pale ukutani, kuna mtu kashaanza kuniuliza kama mwenye vidole vya piano anaweza kusamehewa. Hawezi. Maji ya moto yapo.

Na mama mpishi ambaye anaimba sauti ya pili kuliko wote humu ndani, tumemuomba awe kwenye kwaya ya wakubwa na amekubali, sharti lake ni mazoezi yaanze baada ya maharage kuiva. Sawa mama.

Vikao. Waquaker hawapigi kura. Wanakaa, mtu anaongea, wananyamaza kidogo, mwingine anaongea, kuna karani ambaye kazi yake ni kusikia kikao kinaelekea wapi na kuandika, halafu anawasomea pale pale, mnakubali? Asiyekubali anasema, na kama sio jambo la kufa na kupona anaweza kusema sikubaliani ila sitawazuia. Inachukua muda, sitawadanganya, wenyewe wanataniana kuhusu urefu wa vikao vyao. Tutajaribu kikao cha wafanyakazi kila jioni baada ya watoto kulala, kila mmoja aongee mara moja kabla mtu yeyote hajaongea mara ya pili, hiyo peke yake itabadilisha mambo maana tunawajua wanaoongea mara sita. Mi binafsi sio kila kitu naona kinafaa kupelekwa huko, geti linafungwa saa ngapi hilo mlinzi kaamua, saa tatu, kwisha. Ila mtoto ambaye hajala siku mbili, mtoto anayelia usiku, nani apewe solo, hayo yakae kwenye ukimya kidogo kabla hatujayatolea hukumu, na mara nyingi matroni ndo atakuwa anajua kuliko mwalimu.

Nimetaja solo, basi niseme na mashindano. Hakutakuwa na mashindano. Najua, najua, nyie wote mmelelewa na mashindano ya kwaya, jimbo na jimbo, wilaya na wilaya, na mimi pia, kombe letu bado lipo kabatini kule kanisani lina vumbi. Mashindano yanamfundisha mtoto kuwa muziki una aliyeshindwa. Wiki tatu tu hizi tuone vijana wakipiga bila wa kwanza wala wa mwisho, siku ya kufunga kila kikundi kitapanda jukwaani hata wale ambao wanajua akodi tatu, na wazazi watapiga makofi, kama kuna mzazi hatapiga tutampigia sisi.

Sasa mambo ambayo sio ya kujadili. Masomo ya mtu mmoja mmoja na mwalimu yatakuwepo, na mlango unakaa wazi, au kwenye chumba chenye dirisha ambalo watu wanapita. Hakuna mwalimu na mtoto kwenye gari wawili peke yao, hakuna kumtumia mtoto meseji za usiku, hata ya kumsifia. Sijali una miaka mingapi kwenye huduma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, na namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, bure, itabandikwa mabwenini na chooni ambako mtoto anaweza kuisoma bila mtu kumuangalia. Ukisikia jambo hulipeleki kwanza kwa rafiki wa mtuhumiwa wala hulifichi kulinda jina la kanisa, unalifikisha kwa mratibu wa ulinzi wa watoto usiku huo huo, na mtoto unamsikiliza bila kumhoji kama polisi. Hapa nadhani ndipo kusikiliza kunapopimwa kweli, kuliko kwenye akodi.

Matroni na patroni, baridi. Mtoto akisema anasikia baridi ongezeni blanketi, wawekeni wawili wawili karibu, pigeni chai ya tangawizi, ila jiko la mkaa lisiingie bwenini hata dakika kumi, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Ile gesi yake haina harufu na haina moshi, watu wanalala hawaamki, na kila msimu wa baridi huku kwetu tunasikia habari hizo. Nimemaliza hapo.

Baridi hiyo hiyo inagusa vyombo. Asubuhi tarumbeta ikiwa ya baridi inalia chini, wakati nyuzi za chuma za gita baridi inazikaza zinapanda juu, mnaanza kutuni saa mbili kamili mnagombana nani hasikii vizuri, kumbe wote mnasikia vizuri. Pulizeni kwanza hewa ya joto kwenye tarumbeta, gita zikae ndani ya chumba chenye watu robo saa, ndipo mtuni.

Wavulana wa miaka 12 mpaka 15 ambao sauti inavunjika, naombeni sana. Msimlazimishe kubaki alto kwa sababu mwaka jana alikuwa alto nzuri, msimsukume kwenye besi kwa sababu katoka kindevu kimoja. Mpeni noti chache zilizo katikati ambazo hazimuumi koo, na sauti ikikatika katikati ya wimbo asicheke mtu, akicheka mwalimu ndo basi kabisa, huyo kijana hutamuona kwenye kwaya tena mpaka anaoa.

Haya vijana wa spika, nimefika. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wameweka mpaka wa desibeli, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, 85 kwa masaa 8, na kila ikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu, yaani 88 ni masaa 4, 91 masaa 2, na ukifika 100, ambayo kwenye mikutano yetu ya injili ni kitu cha kawaida tu, ni robo saa. Masikio yakishaharibika hayaoti upya. Kwenye simu kuna programu za bure za kupima, sio sahihi sana lakini zinatosha kuwaaibisha. Ukumbi wetu una urefu wa kanisa la kijijini, watoto hamsini wanaimba, mnataka spika nne za nini? Kambi itatumia spika siku ya wazazi tu. Nawaona mmenuna. Mtafundisha watoto kukunja nyaya vizuri na jinsi mawimbi ya sauti yanavyorudi ukutani, hiyo ni elimu kubwa na vyuo vinafundisha kwa hela.

Mtu kaniuliza kabla sijaanza, je hiyo dakika mbili ya ukimya si ni dini ya watu, tutawaambiaje wazazi? Waambieni ukweli, tumejifunza kwa Waquaker kukaa kimya, ibada yao hatujaichukua. Mkatoliki ana kuabudu kwake kimya mbele ya Ekaristi, Mmoravian ana ibada zake za Juma Kuu, ndugu yetu Muislamu ana itikafu, hakuna mgeni wa ukimya humu ndani. Kama mzazi bado ana wasiwasi aje akae nasi hizo dakika mbili, ataondoka na wasiwasi wa kitu kingine, labda bei ya magodoro.

Kesho gari za Chunya na Mbarali zinaingia mapema, za Iringa zitachelewa kwa sababu ya pale barabara inapotengenezwa, kwa hiyo mama jikoni aweke chakula cha awamu mbili. Kila mtoto apokelewe getini na watu wazima wawili, mmoja aandike jina na namba ya mzazi, mwingine akae naye tu amsikilize kidogo safari ilikuwaje kabla ya kumuonyesha kitanda. Maswali karibuni. Na yule aliyetuma kikaratasi kuuliza posho ya usafiri, muone mhasibu, yuko pale dirishani kavaa sweta ya bluu, na yeye leo kaambiwa asikilize kwanza ndipo ajibu.